Mistari mitatu chini ya karatasi ya majibu

Mwanamke anayetoka kuchukua majibu ya kinyama cha titi hushika bahasha ya kaki yenye karatasi mbili tatu. Juu pana jina, umri na namba ya faili. Katikati pana maelezo ya ukubwa wa uvimbe, aina yake na daraja lake. Chini kabisa, mara nyingi kwenye karatasi iliyochelewa kwa wiki kadhaa, ipo mistari mitatu mifupi: ER, PR, HER2. Mbele ya kila mmoja kuna asilimia au alama za kujumlisha. Ndugu waliomsindikiza watang'ang'ania maelezo ya katikati, kwa kuwa yana sentimita, na sentimita kila mtu anazijua. Daktari wa saratani huanzia chini.

Ukubwa wa uvimbe unasema ugonjwa umefika wapi. Mistari ile mitatu inasema ni ugonjwa wa aina gani, una kasi gani na utaitikia dawa ipi. Kila mstari ni taarifa ya jeni moja: je, ndani ya seli za uvimbe huu jeni hiyo inafanya kazi, imezidisha kazi, au imenyamaza? Wanawake wawili wanaweza kukaa benchi moja pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kila mmoja na uvimbe wa sentimita mbili, mmoja akaandikiwa vidonge vya kumeza miaka mitano, mwingine akaanza dripu za tibakemikali wiki inayofuata. Jirani atasema mmoja wao kaonewa. Hakuna aliyeonewa. Wana magonjwa mawili tofauti yaliyoota kwenye kiungo kimoja.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya titi, na watu wapatao 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Tukizihesabu zote kwa jina moja tunadhani adui ni mmoja. Maabara imeshaikataa dhana hiyo zamani.

Mstari wa kwanza ulianza kuandikwa kabla hata watu hawajajua jeni ni kitu gani. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, George Beatson, alieleza katika jarida la Lancet jinsi alivyowaondolea ovari wanawake waliokuwa na saratani ya titi iliyokwisha kusambaa, na uvimbe ukanywea. Wenzake walipoiga, ikaonekana kwamba ni kama theluthi moja tu ya wagonjwa walionufaika. Waliobaki walipasuliwa bure. Kwa zaidi ya miaka sitini hakuna daktari aliyeweza kumwambia mgonjwa mapema kama yumo katika ile theluthi.

Jibu lilipatikana Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen aliitia homoni ya estrojeni alama ya mnunurisho, akaifuata ndani ya mwili kuona inatua wapi. Akagundua kwamba baadhi ya seli zina protini inayoidaka homoni hiyo na kuishikilia. Hicho ndicho kipokezi cha estrojeni, yaani ER ya kwenye karatasi; PR ya mstari wa pili ni kipokezi cha homoni nyingine, projesteroni. Uvimbe wenye kipokezi hustawi kwa homoni, na ukinyimwa homoni hudhoofika. Usio nacho haujali kitu. Ile theluthi ya Beatson ikapata maelezo, na tangu hapo ovari za mtu haziguswi kwa kubahatisha.

Kisha vikaja vidonge. Tamoksifeni iliidhinishwa Marekani mwaka 1977. Huzuia estrojeni isishike kwenye kipokezi. Mwanamke mwenye ER chanya aliyeimeza kwa miaka mitano hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa karibu theluthi katika miaka 15 inayofuata. Mwenye ER hasi hapati faida yoyote, anapata joto la ghafla la ukomo wa hedhi tu. Kati ya wanawake hao wawili, anayeamua nani apewe na nani asipewe ni kipande chembamba cha kinyama kilichopakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Seli zikionekana za kahawia katika angalau asilimia moja ya viini, jibu ni chanya.

Mstari wa tatu una kisa kingine, nacho kinafundisha jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulichanganya. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake walichapisha uchunguzi wa uvimbe wa wanawake 189. Katika baadhi yao jeni iitwayo HER2 ilikuwa imejirudufu, nakala zimerundikana ndani ya seli, na wanawake hao ndio ambao ugonjwa uliwarudia haraka na ndio waliokufa mapema. Kwa miaka 11 iliyofuata HER2 chanya ilikuwa habari mbaya na basi. Daktari alijua mgonjwa yuko hatarini, ila mkononi hakuwa na cha kumpa zaidi ya wengine. Mwaka 1998 ikaidhinishwa trastuzumabu, inayouzwa kwa jina la Herceptin, dawa inayoishambulia protini hiyo hiyo ya HER2. Mwaka 2005 majaribio yakaonyesha kwamba ikitolewa mapema, baada ya upasuaji, hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu.

Kiashiria hakikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni matumizi yake. Mwanzo kilitabiri mwenendo wa ugonjwa, baadaye kikatabiri mwitikio wa dawa. Hizo ni kazi mbili, na kiashiria kizuri kwa moja kinaweza kuwa bure kabisa kwa nyingine. Kila anapojitokeza mtu na kipimo kipya cha jeni, swali la kwanza liwe hilo: kinaniambia nitakavyokuwa, au kinaniambia dawa gani itanifaa?

Mistari mitatu, pamoja na umuhimu wake, iliacha kundi moja kubwa njia panda. Chukua mwanamke mwenye ER chanya, HER2 hasi, uvimbe mdogo, tezi za kwapani safi. Upasuaji umeshafanyika na vidonge vya homoni atameza. Aongezewe tibakemikali? Miaka ya 1990 wengi waliongezewa kwa tahadhari tu. Nywele zikaanguka, kucha zikawa nyeusi, wengine wakabaki na ganzi ya vidole, wachache moyo ukadhurika. Madaktari wenyewe walijua kwamba wengi kati ya hao wangepona bila dripu hata moja. Wasilojua ni akina nani.

Mwaka 2000 Charles Perou na wenzake wa Stanford walipanga uvimbe wa titi kwa makundi kufuatana na jeni zinazofanya kazi ndani yake. Mwaka 2002 taasisi ya saratani ya Amsterdam ikatoa orodha ya jeni 70 zinazotabiri kusambaa kwa ugonjwa. Kampuni ya Genomic Health ya California ikaenda kwa vitendo zaidi. Ilianza na jeni 250 zilizokuwa zikishukiwa, ikazijaribu kwa wagonjwa 447, ikabaki na 21: 16 za saratani na 5 za kulinganishia. Nyingi kati ya zile zenye uzito mkubwa hupima kasi ya seli kugawanyika. Matokeo yake ni alama moja kati ya sifuri na mia.

Ujanja wa kipimo hicho ni kwamba hakihitaji kinyama kibichi kilichogandishwa. Kinasoma RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni inayofanya kazi, kutoka kwenye kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta ya parafini, bloku ndogo inayoingia mfukoni, ambayo kila maabara ya patholojia inayo kwa maelfu. Kwa hiyo mtafiti Soonmyung Paik na wenzake waliweza kufungua makabati ya jaribio la Marekani la miaka ya 1980 na kutoa bloku za wanawake 668 waliokuwa wametumia tamoksifeni. Hawakuhitaji kusubiri miaka kumi waone nani atapona, ilikuwa imeshapita. Walipotangaza matokeo mwaka 2004, wenye alama za chini ugonjwa ulikuwa umesambaa mbali kwa asilimia 6.8 ndani ya miaka kumi. Wa katikati asilimia 14.3, wa juu asilimia 30.5. Na wote hao, kwa macho ya hadubini ya kawaida, walikuwa wagonjwa wa kundi moja.

Walio chini na walio juu hawakuwa na utata. Wa katikati ndio waliofanyiwa jaribio lililoitwa TAILORx, lililoandikisha wanawake zaidi ya 10,000 kati ya mwaka 2006 na 2010 nchini Marekani, Canada, Australia, New Zealand, Ireland na Peru. Wenye alama 11 hadi 25, ambao ni 6,711, waligawanywa kwa kura: nusu vidonge vya homoni peke yake, nusu vidonge na tibakemikali. Kiongozi wa jaribio hilo, Joseph Sparano, alipotangaza matokeo jijini Chicago mwezi Juni 2018, waliokuwa hai baada ya miaka tisa walikuwa asilimia 93.9 upande wa vidonge peke yake, na asilimia 93.8 upande wa waliopata vyote viwili. Ni takwimu chache za tiba zilizowahi kumwondolea mgonjwa mateso kwa wazi namna hiyo.

Kulikuwa na "lakini" moja, na kwetu ni kubwa. Kwa wanawake wa chini ya miaka 50 wenye alama 16 hadi 25, tibakemikali ilionekana kusaidia kiasi. Mwaka 2021 jaribio jingine, safari hii kwa wenye tezi moja hadi tatu za kwapani zilizoguswa, likaonyesha picha ile ile: waliokwisha koma hedhi hawakupata faida ya dripu, ambao bado hawajakoma waliipata. Huenda sehemu ya faida hiyo inatokana na dawa kuzizima ovari, jambo ambalo Beatson angelielewa mara moja.

Sasa habari za kipimo hiki zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na ndugu walio Muscat au Minnesota huuliza kwa nini mgonjwa wao aliyeko Tanga au Kisumu hajafanyiwa. Bei yake ni karibu dola 4,000 za Marekani na kinyama husafirishwa hadi California. Familia huanza kuchangishana. Nawaomba wapumue kidogo, kwa sababu bei ndilo tatizo la mwisho. Kipimo hiki ni cha mwenye ER chanya na HER2 hasi, ugonjwa ukiwa bado katika hatua za mwanzo. Wagonjwa wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na hapo swali la "aongezewe dripu au la" halipo tena. Wengi pia ni vijana kuliko wagonjwa wa Ulaya, na tumeona kwamba kwa vijana jibu la kipimo lina ukungu. Juu ya hayo, walioshiriki majaribio walikuwa wengi wao wazungu. Mwaka 2021 Kent Hoskins wa Chicago na wenzake walionyesha kwamba hata Marekani kwenyewe alama hiyo hutabiri kwa usahihi mdogo zaidi kwa wanawake weusi.

Kwa mgonjwa wa kawaida wa huku, fedha na akili vingepaswa kuelekezwa kwenye ile mistari mitatu, na hasa kwenye kitu ambacho hakuna anayekichangia: ndoo ya formalini.

Titi au kinyama kikishakatwa, seli hazifi zote papo hapo. Vimeng'enya vyake huanza kuzivunja protini na RNA, yaani vile vile vinavyokwenda kupimwa. Miongozo inayofuatwa na wanapatholojia wengi inataka kinyama kiingie formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe. Nayo hupenya polepole mno, karibu milimita moja kwa saa. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa vipande, kesho yake nje limekakamaa na katikati, uvimbe ulipo, bado ni bichi. Upasuaji wa Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, maabara ikifunguliwa Jumanne, umeshavuka saa 72 bila mtu yeyote kufanya kosa la makusudi. Vipo pia vyumba vya upasuaji ambako chupa inayosubiri kinyama ina maji ya chumvi kwa sababu formalini iliisha wiki iliyopita.

Kinyama kilichoharibika hakitoi kelele wala harufu ya kumshtua mtu maabarani. Kinatoa jibu, na jibu huwa ni "hasi". ER iliyokuwepo haionekani, mgonjwa ananyimwa tamoksifeni ambayo ingemsaidia, na karatasi ina muhuri na sahihi kama kawaida.

Anayedhani hayo ni matatizo ya nchi maskini asome yaliyotokea Newfoundland na Labrador, Canada. Kati ya mwaka 1997 na 2005 maabara ya St. John's ilitoa majibu ya homoni yasiyo sahihi. Kosa liligundulika pale mgonjwa mmoja aliyeandikiwa hasi alipopimwa upya akaonekana chanya. Vinyama vikapelekwa Toronto kupimwa tena. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Margaret Cameron ilitoa ripoti yake mwaka 2009. Wagonjwa karibu 400 walikuwa wamepewa majibu yenye makosa, na zaidi ya 100 kati yao walikuwa wameshafariki. Ni wangapi wangeishi kama wangepewa vidonge, haiwezekani kuhesabu. Tume ilizungumzia utunzaji wa vinyama, wafanyakazi wasiodumu kazini, na kukosekana kwa mtu wa kuhakiki ubora. Ukiyasoma hayo bila jina la nchi, utadhani ni hospitali unayoijua.

Barani kwetu jambo hilo limeacha alama kwenye takwimu zenyewe. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba saratani ya titi ya Mwafrika kwa kawaida ni ER hasi, kwa hiyo vidonge vya homoni havimfai. Mwaka 2014 uchambuzi uliojumuisha tafiti za Afrika nzima ukaonyesha kwamba tafiti zilizotumia bloku za zamani zilikuta ER chanya kwa kiwango cha chini kwa pointi kama 10 kuliko zilizokusanya vinyama vipya kwa utaratibu. Kwa tafiti zilizofanywa vizuri, wanawake wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, karibu asilimia 60, walikuwa ER chanya. Yaani sehemu ya ile "tofauti ya Mwafrika" ilitengenezwa ndani ya ndoo.

Haimaanishi tofauti zote ni za kubuni. Aina ambayo mistari yote mitatu ni hasi, isiyosikia vidonge wala Herceptin, inawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika Magharibi, Ghana kwa mfano, kuliko wa Ethiopia. Tena kuna jeni za kurithi, BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995 baada ya mtafiti Mary-Claire King kuonyesha mwaka 1990 mahali ya kwanza ilipo. Hizo hupimwa kwenye damu, si kwenye uvimbe, na jibu lake linawahusu dada, binti na hata watoto wa kiume. Tangu 2018 saratani ya titi inayotokana nazo ina dawa yake pia, olaparibu. Ni habari ndefu, inastahili ukurasa wake.

HER2 ina kero ya peke yake. Jibu la 0 au 1+ huhesabiwa hasi, la 3+ ni chanya. La 2+ halisemi kitu. Linataka kipimo cha pili cha kuhesabu nakala za jeni yenyewe, na hicho kinapatikana katika maabara chache. Mgonjwa hubaki na 2+ yake miezi mizima, si chanya si hasi, huku dawa ya dripu ikiendelea bila ile anayoihitaji. Zamani wengine hawakujali, kwa kuwa hata 3+ ilikuwa haina maana kwa asiyemudu Herceptin. Hali imeanza kubadilika. Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likaidhinisha ya kwanza iliyotengenezwa kwa mfano wake kwa bei nafuu. Kenya ilitangaza mwaka 2025 kwamba dozi iliyokuwa shilingi 120,000 imeshuka hadi 40,000, ikilipwa na mamlaka ya bima ya afya ya jamii. Dawa ikishalipiwa, mstari wa tatu unakuwa hati ya malipo, na 2+ isiyo na jibu inakuwa ni haki iliyokwama njiani.

Jaribio linalonivutia kuliko kile kipimo cha California limefanyika Rwanda. Mashine za GeneXpert zimejaa Afrika Mashariki kwa ajili ya makohozi ya kifua kikuu; hata hospitali nyingi za wilaya zinazo. Kampuni inayozitengeneza ilitoa katriji inayosoma RNA ya jeni nne za saratani ya titi, zikiwemo za ile mistari mitatu, kutoka kwenye kipande cha nta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliijaribu kwa vinyama vilivyoandaliwa Rwanda, na majibu yake yakalingana vizuri na ya upakaji rangi wa kawaida. Haipaki rangi, haimsubiri mwanapatholojia akadirie kahawia kwa jicho, na inatoa jibu siku hiyo hiyo. Katriji hiyo haijaenea, na sioni sababu ya wizara zetu kuongea kuhusu vituo vya jeni vya kisasa kabla ya kuuliza mashine zilizopo wodi ya kifua kikuu zinaweza kufanya nini mchana zikiwa zimekaa.

Bado linabaki swali la nani atatengeneza alama zinazowahusu wanawake wa hapa. Paik aliweza kwa sababu alikuwa na vitu viwili: bloku zilizotunzwa na habari za kila mwenye bloku miaka kumi baadaye. Bloku tunazo, nyingine kwenye rafu za maabara, nyingine wagonjwa wamekabidhiwa wapeleke rufaa. Habari za baadaye ndizo hatuna. Faili linaishia siku ya dripu ya mwisho, na laini ya simu imeshabadilishwa.

Lakini inawezekana. Utafiti wa ABC-DO ulifuatilia wanawake wenye saratani ya titi Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini kwa kumpigia simu kila mmoja, au ndugu yake wa karibu, kila baada ya miezi mitatu. Hivyo ndivyo tulivyojua, mwaka 2020, kwamba nusu tu ndio waliokuwa hai baada ya miaka mitatu. Hospitali yenye muuguzi mmoja, daftari na muda wa maongezi inaweza kuanza kesho. Achukue namba tatu kwa kila mgonjwa: yake, ya binti yake, na ya jirani asiyehama.